Unywele, Shahidi Asiyesema

Huko Isingiro, tangu makazi ya wakimbizi ya Nakivale hadi Kikagate ukingoni mwa mto Kagera, watu hufuga ng'ombe na mbuzi. Jirani yao iko Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, iliyotangazwa mwaka 1983, yenye swala pala, pundamilia, chui na fisi. Tuseme askari wa doria amekuta gunia lenye damu na nywele chache. Mwenye gunia anaapa: "Afande, nimechinja mbuzi wangu." Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 ni kali. Je, aaminiwe?

Unywele wenyewe waweza kusaidia. Una sehemu tatu: magamba ya nje, yaliyolaliana kama vigae vya paa, nyama ya kati, yenye rangi, na kiini, kipitacho ndani mfano wa uboho katika mfupa. Ukiutazama kwa hadubini, kiini cha unywele wa mtu ni chembamba, hakifiki theluthi ya upana wake, au hakionekani kabisa. Cha wanyama wengi huzidi nusu. Cha sungura kina vyumba vilivyojipanga safu safu kama punje za mahindi guguni.

Magamba nayo yana hila yake nyepesi. Mtaalamu hupaka kioo rangi ya kucha iliyo angavu, ile ile aijuayo mama nyumbani, kisha hulaza unywele juu yake. Rangi ikikauka huung'oa, na alama za magamba hubaki kiooni.

Lakini tahadhari! Mbuzi na swala ni wa ukoo mmoja, na nywele zao hukaribiana. Yapasa zilinganishwe na nywele za wanyama wanaojulikana, tena za sehemu ile ile ya mwili, kwa maana unywele wa mgongoni si sawa na wa tumboni. Mtaalamu mwaminifu akiona shaka, huitaja, na kuomba kipimo cha vinasaba.

Basi ndugu askari, nywele hizo usizioshe wala usizichanganye. Ziokote kwa kibanio, uzikunje katika karatasi safi na kavu, uandike siku, saa na mahali. Kumfunga mtu kwa mbuzi wake mwenyewe ni dhuluma. Kumwachilia jangili ni hasara yetu sote. Kati ya mawili hayo umesimama unywele mmoja.