Mkishampokonya Simu, Akae Wapi?

Nimechoka na mahubiri ya watu wazima kuhusu simu. Ati watoto wa siku hizi hawana urafiki, wamezama kwenye skrini. Anayesema hivyo mara nyingi ana simu mbili mfukoni, na asubuhi ameshatuma picha ya maua kwa nusu ya ukoo.

Hebu njooni Shimanzi. Huku ni maghala, matangi ya mafuta na malori yanayongoja mzigo wa bandari. Msichana wa miaka 15 akitoka shule, akakae wapi na wenzake? Kando ya barabara, lori la kontena likimpumulia shingoni? Mji wa Kale kuna baraza milangoni, sawa, lakini tuambiane ukweli: lini mlimwona binti wa umri huo amekaa barazani saa mbili usiku, anacheka kwa sauti, na asiulizwe ni wa nani? Baraza ni za wanaume. Maskani ni ya kaka zake, na hao nao polisi wakifanya msako hubebwa wote, mwenye kosa na mwenye kikombe cha kahawa.

Kwa hivyo baraza lake ni grupu la WhatsApp. Wallahi sioni ajabu. Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, na marafiki niliobaki nao ni wale wa kwenye simu. Wale wa kantini walinisahau kabla ya mitihani.

Jirani yangu alimpokonya binti yake simu muhula mzima, akampa mulika mwizi ya kupigia tu. Wiki ya tatu, mwenzao mmoja akafiwa na babake. Wasichana wakapanga kwenye grupu kwenda kumpa pole. Huyu alipata habari hitima imeshasomwa. Mfiwa hakumlaumu, aliacha tu kumwekea nafasi kwenye dawati.

Na mwaka 2020 mmeusahau? Shule zilifungwa Machi, na wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Miezi hiyo simu ndiyo ilikuwa mwalimu, mzazi ananunua bando huku akisema soma, mwanangu. Kengele ilipolia, simu ile ile ikawa shetani.

Najua picha za siri huzungushwa na matusi hutumwa usiku wa manane. Sikatai. Zamani fitina ilipita kwa kikaratasi chini ya dawati, leo inafika mtaa mzima kabla ya isha. Lakini mtoto anayetukanwa atamwonyesha nani ujumbe huo, ikiwa anajua kitu cha kwanza kitakachochukuliwa ni simu yake? Atanyamaza. Wengi wananyamaza sasa hivi, na nyinyi mnasema nyumba ina utulivu.

Mnataka waonane uso kwa uso? Wapeni uwanja wenye taa, maktaba isiyofungwa jioni, na ruhusa ya wasichana watatu kutembea hadi Makadara bila kaka kuwafuata nyuma. Mpaka siku hiyo, mrudishieni simu yake. Na chaja pia, msijifanye imepotea.