Kupunguza Mpini wa Ufito wa Kuvulia

Wahenga walisema ya kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni la kweli, ila wako watu walitumiao mahali pasipo pake. Mkulima asemaye kuwa mpini wa jembe lake ni mrefu mno hachagui jembe. Ataka kulima vizuri bila kuumia mgongo. Ndivyo ilivyo kwa mvuvi na ufito wake. Juma hili napenda kuwaeleza wasomaji habari za kupunguza mpini wa ufito wa kuvulia, maana jambo hili limeniletea shauri zito hapa kwetu Manyatta.

Huenda wasomaji wa pwani wakashangaa kusikia habari za uvuvi katika nchi ya milima. Basi na wajue ya kuwa mto wetu Rupingazi hutoka Mlima Kenya, hupita Embu, ukaingia mto Thiba, na Thiba nao huingia Tana. Huku juu maji yake ni baridi na ya kasi, na katika maji ya namna hiyo hustawi samaki aitwaye trauti. Samaki huyu si mwenyeji. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti wa rangi ya kahawia kutoka Uskoti, wakatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Nyandarua. Mwaka 1910 wakaletwa wa aina nyingine, wenye rangi za upinde wa mvua, kutoka Afrika ya Kusini. Baadaye walienezwa katika mito mingine ya milimani. Hata hoteli moja ya zamani mjini Embu iliitwa kwa jina la Izaak Walton, Mwingereza aliyetoa kitabu mashuhuri cha uvuvi mwaka 1653.

Sasa nirudi kwenye shauri lenyewe. Jioni moja mtoto wa jirani yangu, ambaye bado yuko shule ya msingi, alinijia amechukua ufito wa marehemu baba yake. Akaniambia, “Bwana Karani, nisaidie kuukata mpini huu. Jana ulinasa katika sweta nikiwa juu ya jiwe, nikateleza mpaka magotini.” Watu wa hapa twajua jinsi mawe ya Rupingazi yalivyo na utelezi, na jinsi mto unavyojaa ghafula mvua inaponyesha mlimani. Nilikuwa nikitafuta msumeno mama yake alipofika. Akasema, “Mtoto atakua. Ukiukata leo, akiwa mtu mzima utamrudishia nini? Hiki ndicho kitu cha baba yake kilichobaki.” Nikauweka msumeno chini, kwa kuwa wote wawili walisema kweli.

Tena nilikuwa na sababu yangu mwenyewe ya kusita. Miaka kadhaa iliyopita niliukata ufito wangu kwa haraka, bila kupima, na kwa msumeno wenye meno makubwa. Bomba lake lilipasuka kutoka mwisho hata karibu na mahali pa kufungia kigurudumu, nikabaki na kuni. Majuto ni mjukuu.

Kwanza yafaa tujue kwa nini mpini huwa mrefu. Fito za baharini na za ziwani hutupwa kwa mikono miwili. Mkono mmoja hushika penye kigurudumu, wa pili hushika mwisho, na umbali kati yake ndio utoao nguvu ya kutupa mbali. Lakini katika kijito chenye miti pande zote mvuvi hatupi mbali, tena hutumia mkono mmoja. Hapo kipande cha nyuma hakina kazi, ila kugonga mbavu na kunasa nguo. Kipimo kizuri ni hiki: shika ufito penye kigurudumu, uulaze mpini chini ya mkono, mwisho wake ukifika kwenye kiwiko, watosha. Ule wa mtoto yule ulikipita kiwiko kwa sentimita 14.

Pili, jaribu kabla ya kukata. Tulikifungua kigurudumu, tukakifunga kwa utepe wa gundi chini zaidi kwenye mpini, hata kipande cha nyuma kikawa kifupi kama tutakavyo. Mtoto akavua hivyo Jumamosi mbili, nami nikiwa karibu. Hakunasa hata mara moja. Mama yake alikuja ukingoni akaona kwa macho yake.

Tatu, kata upande wa nyuma tu, usiguse ncha kamwe. Maana ncha ndiyo ipindayo, na ikipunguzwa ufito huwa mgumu kama mchi. Ondoa kifuniko cha mpira cha mwisho kwa kukichovya katika maji ya moto ili gundi ilainike. Zungushia utepe mahali pa kukata, upige mstari juu yake, kisha tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, polepole, ukiuzungusha ufito badala ya kukata moja kwa moja. Utepe huzuia bomba lisipasuke. Fito nyingi za siku hizi ni za nyuzi za kioo au za kaboni, na vumbi lake ni baya kwa mapafu; basi funika pua kwa kitambaa, ulowanishe mahali unapokata. Malizia kwa msasa, urudishe kifuniko kwa gundi.

Nne, kumbuka mizani. Ukiondoa uzito wa nyuma, ncha huelemea mbele na kifundo cha mkono huchoka. Dawa yake ni kutia kipande kidogo cha risasi ndani ya bomba kabla ya kuliziba.

Na lile neno la mama, “utamrudishia nini?” Jibu tulilipata katika bomba lenyewe, kwa kuwa lina uwazi ndani. Tulichonga kijiti cha mti mkavu kiingiacho humo barabara pande zote mbili. Kipande kilichokatwa amekihifadhi mama sandukuni pamoja na kijiti hicho. Siku mtoto atakapokuwa na mikono mirefu, ataitoa risasi na kifuniko, atie kijiti na gundi, na mpini utakuwa mrefu tena. Kiungo hakitakuwa na nguvu kama zamani, nami sikumficha mama jambo hilo, lakini akasema, “Kata.” Nikakata.

Nawasihi wazazi wenzangu wasidharau malalamiko ya mtoto juu ya chombo alichopewa, wakidhani ni uvivu. Jembe, shoka na ufito vilivyotengenezwa kwa kimo cha mtu mzima vyaweza kumwumiza mtoto. Tena, kabla hajaenda mtoni, mwuliziene ruhusa ya kuvua kwa maofisa wa uvuvi, wala asiende peke yake wakati wa mvua. Jumamosi iliyopita mtoto yule alileta trauti wawili nyumbani, na sweta lake lilikuwa kavu.