Mwandishi Asitolewe Kikaoni

Mmeshawasikia. Kitabu kikijadiliwa na mwandishi wake akatokea ukumbini, wapo wanaotaka anyamaze au atoke. Hoja zao nimezisoma kwa makini, nazo ni hizi, mzipime wenyewe.

Ya kwanza ndiyo wanayoiringia: kitabu kikishachapishwa, maana yake ni mali ya msomaji. Shahidi wao ni Roland Barthes, Mfaransa aliyetangaza kifo cha mwandishi mwaka 1967. Haya, tukubali. Ikiwa maana ni ya kila aliyesoma, mwandishi naye amesoma, tena rasimu baada ya rasimu. Kwa kanuni gani msomaji huyu mmoja anyimwe zamu? Barthes alimvua mamlaka ya neno la mwisho. Kumvua neno lenyewe ni nyongeza yao. Ningependa pia wamweleze Amani wa Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya Ken Walibora, ambaye mswada wake unachapishwa na mhusika mwingine, Majisifu, kwa jina la huyo Majisifu, kwamba kitabu kikishatoka hakimhusu tena. Watajibu kuwa jina la jaladani ni jambo moja na maana ni jambo jingine. Sawa kabisa. Basi waache kusema "si chake" kana kwamba yote mawili ni kitu kimoja.

Ya pili: mwandishi akitamka, mjadala unafungwa. Hapa ndugu zetu wanajipinga wenyewe. Dakika tano zilizopita neno la mwandishi halikuwa na uzito kuliko la msomaji yeyote. Sasa ni zito kiasi cha kuua tafsiri zote. Wachague moja. Mfano wanaoupenda ni J.K. Rowling. Mwaka 2007, miezi michache baada ya kitabu cha mwisho cha Harry Potter, aliwaambia wasomaji New York kwamba mzee Dumbledore, mhusika wa vitabu hivyo, alimpenda mwanamume mwenzake. Je, kulifungwa nini? Wako waliomkubali, wako waliomjibu kwamba kama hakuliandika vitabuni halimo, na ubishi huo haujaisha.

Ya tatu nakiri ina nguvu: wasomaji watamwonea haya. Kumkosoa mtu usoni si jambo jepesi kwetu. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyekuja kusema sura fulani inachosha atayameza maneno yake akimkuta mwandishi meza kuu, maua mbele yake, mwalimu mkuu ubavuni. Lakini kilichomnyamazisha ni ile meza. Mwandishi ashuke, akae na wengine, aseme baada ya wasomaji. Mwaka 1977, kule Kamĩrĩthũ karibu na Limuru, mazoezi ya mchezo wa kuigiza wa Ngaahika Ndeenda yalifanywa hadharani, na wakulima na vibarua wakawasahihisha Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ lugha na matukio, waandishi wakiwapo. Najua, ule ulikuwa mchezo ambao haujakamilika, si kitabu kilichochapwa. Ila hoja ilikuwa haya, na haya haikuwazuia wanakijiji kumrekebisha mtu wa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Imebaki ile ya kwamba mwandishi anayejieleza amekiri kazi yake imeshindwa kujisemea. Inachekesha zaidi ikitoka kwa wanaouza miongozo ya vitabu vya shule, maana kazi isiyohitaji maelezo isingewahitaji wao kwanza. Tena mshairi Kaluta Amri Abedi alizichapa sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake ndani ya jalada moja, mwaka 1954. Na mshairi Muyaka wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na malenga wa Lamu: mtu anatunga, anajibiwa, anarudi kujitetea. Hakuna aliyeuita huo ushahidi kwamba shairi la kwanza lilikuwa bovu.

Anayestahili kutolewa ni mwandishi anayegombana na kila asiyemsifu, na atolewe kama ambavyo angetolewa msomaji yeyote mkorofi. Waliobaki wapewe kiti na zamu ya kusema.