Mwanamke Mzuri Hakosi Hela

Desemba ni mwezi wa Wapare kupanda mlimani. Desemba iliyopita nilifika stendi ya Same saa nane mchana, nikakaa kwenye benchi la muuza chai kusubiri gari la Mamba. Magari ya milimani hayana ratiba. Huondoka yakijaa, na kujaa kwake anakujua dereva peke yake. Benchi nililishiriki na wapiga debe na vijana wa bodaboda. Kila basi la barabara kuu lilipoingia, mazungumzo yalikatika ili abiria wakaguliwe. Wanaume walishuka na kupita zao. Wanawake walipewa majina: huyu chombo, yule kifaa, yule wa nyuma mali safi. Kisha akashuka mwanamke kijana, begi begani, bahasha kubwa ya kahawia kifuani, na mmoja wa wale vijana akauliza, "Mzigo huo, nani anaushusha?" Benchi zima likacheka. Nami nikatabasamu.

Alipogeuka nikamtambua. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, na ndani ya bahasha aliyoikumbatia zilikuwamo picha za eksirei za mama yake.

Nalitaja tabasamu langu kwa sababu ningeweza kulificha. Nina shahada ya uzamivu, nafundisha chuo kikuu, na si mara moja nimesimama darasani kukemea tabia ileile niliyoifurahia pale. Ilibidi yule mwanamke awe damu yangu ndipo nione kwamba hakuwa mzigo. Tumezoea kuwaonya vijana kwa swali, "Je, angekuwa dada yako?" Swali hilo nimeanza kulichukia. Linampa kila mwanaume ruhusa ya kumtazama anavyotaka mwanamke yeyote ambaye si dada yake, yaani karibu wanawake wote wa dunia.

Gari lilijaa jioni. Tulipoziacha tambarare za Mkomazi chini yetu na kuanza kona za mlima, mpwa wangu alinieleza yaliyompata katika hospitali ambayo sitaitaja jina wala mji wake. Mama yake alikuwa na uvimbe tumboni. Zahanati ilimpeleka hospitali, hospitali ikampa rufaa, na rufaa ikamvusha mpaka ambapo kadi yao haifanyi kazi. Walikuwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, ambayo ilikoma katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Juu ya hapo, kila kitu kilikuwa fedha taslimu.

Upasuaji ulifanyika na dada yangu akapona. Madaktari na wauguzi walifanya kazi yao vizuri, na hilo nalisema kwa shukrani. Siku ya kuruhusiwa, deni lililobaki lilikuwa shilingi 480,000. Mpwa wangu akaenda dirisha la malipo kuomba alipe kidogo kidogo baada ya kuuza tangawizi. Aliyekuwa dirishani alimtazama, akacheka bila ubaya wowote, akasema, "Dada, mwanamke mzuri kama wewe hakosi hela. Piga simu."

Foleni ikacheka kama lilivyocheka benchi la stendi. Alipotoka nje, mwanaume mmoja wa kwenye ile foleni, mwenye umri wa kumzaa, alimfuata na kumwambia kwamba deni lile kwake ni dogo. Akaomba namba ya simu. Jioni akatuma ujumbe wenye jina la gesti.

Sikumuuliza mpwa wangu alijibu nini, naye hakuniambia. Nilipowasimulia wanaume wenzangu wawili wasomi habari hii, swali lao la kwanza lilikuwa hilohilo: je, alikwenda? Hawakuuliza hali ya mgonjwa, wala kwa nini deni lilikuwapo. Nami nimeamua kuzungumzia dirisha, gesti tuiache.

Wanaume nao hudaiwa hospitalini, lakini hakuna anayewaambia kwamba hawakosi hela kwa kuwa ni wazuri. Mwanaume wa Same akikwama huulizwa kama ana shamba, ng'ombe, pikipiki ya kuweka rehani. Mwanamke naye angeweza kuulizwa hivyo kama angekuwa na shamba. Kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963 zilimwekea mipaka katika kurithi na kumiliki ardhi ya ukoo, na ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatamka kwamba haki yake ni sawa na ya mwanaume, migombani kwetu bado zinasikika zaidi zile kanuni za zamani. Mpwa wangu analima tangawizi katika kipande cha ardhi cha mjomba wake mkubwa, yaani kaka yangu. Hawezi kukiweka rehani. Kwa hiyo yule wa dirishani, kwa utani wake, alikuwa anafanya hesabu ambayo jamii nzima ilikwisha kuifanya: mwenye ardhi dhamana yake ni ardhi, na asiye na ardhi dhamana yake ni mwili. Mazungumzo ya stendi huupandisha bei mwili huo, na bili ya hospitali huulazimisha sokoni. Mambo haya mawili hukemewa katika makongamano mawili tofauti, na wataalamu wawili tofauti, kana kwamba hayajuani.

Msomaji aliyeko serikalini ataniambia kwamba upo utaratibu wa msamaha kwa wasioweza kulipa. Ni kweli, upo. Uchangiaji ulipoanza mwaka 1993, baada ya miaka mingi ya huduma za serikali kutolewa bila malipo, iliwekwa wazi kwamba maskini wasizuiwe, na kwamba yako makundi yatakayotibiwa bila malipo, wakiwamo wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Mpwa wangu aliupitia utaratibu huo. Alielekezwa kwa ofisa ustawi wa jamii, ambaye alimwangalia kuanzia nywele alizosuka hadi simu yake janja, akahitimisha kwamba huyu ana uwezo. Kama anapinga, alete barua ya ofisa mtendaji wa kijiji, na kijiji kiko safari ya siku nzima, wakati huo gharama za wodi zinaongezeka kila usiku. Basi mwanamke huyo alitazamwa mara mbili kwa siku moja. Dirisha la kwanza lilimwona mzuri mno kukosa hela, ofisi ya pili ikamwona nadhifu mno kuwa maskini. Ili asaidiwe ilimpasa aje mchafu na amechakaa. Na angekuja hivyo, nadhani foleni isingempisha hata kukaa.

Na mimi mjomba nilikuwa wapi? Mimi ni mtumishi wa umma, nina kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Inanihudumia mimi, mwenza wangu na wategemezi wanne, watoto na wazazi. Dada hayumo. Nilituma fedha mara mbili kupitia kundi la WhatsApp la ukoo, na mara ya tatu mpwa wangu aliona haya kuniomba. Miezi michache kabla, kundi hilohilo lilikuwa limechangia harusi, na hakuna aliyeona haya: kamati iliundwa, ahadi zikaandikwa, wadaiwa wakapigiwa simu hadi usiku. Kwa matibabu ya dada yangu hatukuunda kamati. Nimejiuliza sana kwa nini. Sina jibu linalonipendeza.

Hapo inanilazimu kurudi nyuma kidogo, kwenye hadithi ambayo kila Mpare ameisikia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni na machifu walianzisha kodi ya kukadiriwa kwa mali, wakaipa jina la zamani la mbiru. Watu waliikataa. Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu waliteremka kutoka milimani na kupiga kambi makao makuu ya wilaya hapo Same, wakikataa kurudi makwao kodi ikiwa haijaondolewa. Miezi ikapita. Mwanzoni mwa 1946 wanawake wa Usangi, ambayo sasa imo wilaya ya Mwanga, wakaandamana kumkabili ofisa wa wilaya na kumweleza hivi: ama amalize mgogoro na kuwarudisha waume zao nyumbani, ama awape mimba wao wote yeye mwenyewe. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wetu, aliandika juu ya mgogoro huo, na hatimaye kodi hiyo ilifutwa.

Nilivyoisikia utotoni, wajomba zangu wakiisimulia kwenye vikao vya pombe, kodi ilitajwa kwa haraka na machifu hawakutajwa kabisa. Kilichongojwa na wote ni pale penye mimba. Hapo kicheko kilipasuka, kila mmoja akaongeza lake: mzungu yule alikuwa na kazi, angeanza na nani. Wanawake waliofanya mojawapo ya vitendo vya kijasiri zaidi vya siasa katika historia ya milima yetu wamebaki, katika simulizi zetu wanaume, kichekesho cha chumbani.

Mimi nawaelewa tofauti. Wale wanawake walijua jinsi ofisa alivyowaona: hawakuwa walipa kodi, walikuwa mali ya walipa kodi. Wakauchukua mtazamo huo na kumrudishia mwenye nao mbele ya watu: kama sisi kwako ni matumbo tu, basi chukua wajibu wa matumbo haya, ulishe, ulee. Walimwaibisha kwa hesabu yake mwenyewe. Ningetamani mwanamke mmoja katika ile foleni angegeuka na kuuliza kwa sauti ni simu ya nani anayoambiwa apige, na hospitali ya umma imeanza lini kupokea malipo ya namna hiyo. Lakini wanawake wa 1946 walikwenda wengi. Mpwa wangu alikuwa peke yake, na mama yake alikuwa juu kitandani kama amana.

Sheria zipo, na kwa hili sina malalamiko ya jumla. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kilipotungwa kilimwadhibu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la ajira, cheo, haki au upendeleo, kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sisi wa vyuoni kifungu hiki tunakijua vizuri kuliko tunavyokiri. Novemba 2018 Dk. Vicensia Shule wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika hadharani kuhusu rushwa ya ngono chuoni, na nakumbuka katika vyumba vya wahadhiri mjadala ulivyohamia haraka kutoka alichosema kwenda kwa nini amesema. Lakini kifungu cha 25 kingemkamata nani katika kisa changu? Wa dirishani hakudai chochote. Mwenye gesti hakuwa na mamlaka yoyote. Alikuwa na shilingi 480,000 tu mahali ambapo mwanamke hakuwa nazo. Deni ndilo lililompa mamlaka. Sheria ya rushwa haiwezi kulifikia hilo. Sheria ya afya inaweza.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, na naiunga mkono, ingawa nawasikia wachumi wakiizungumza kama suala la vyanzo vya mapato pekee. Ninayo maombi mawili kwa watumishi wa wizara wanaosoma hapa, na najua mpo. Uamuzi wa nani asiye na uwezo utoke mikononi mwa mtu mmoja mwenye macho. Ufanyike kijijini, mapema, kabla ya ugonjwa, kwa orodha inayobandikwa ukutani, na kadi ya asiye na uwezo ifanane na kadi yangu ili dirishani asijulikane. Na kinga yake isikomee mkoani wakati rufaa inaendelea. Mgonjwa haachi kuwa maskini kwa sababu uvimbe wake umehitaji daktari bingwa.

Kwa wanafunzi wangu wa kiume sina ombi la kisera. Nimewasimulia habari ya benchi la stendi kama nilivyoiandika hapa, pamoja na tabasamu. Darasa lilinyamaza, kisha mmoja akauliza nilifanya nini baada ya kumtambua mpwa wangu. Nilisimama nikampokea begi. Wale vijana wakaniomba radhi mimi. "Samahani mzee, hatukujua ni wako," walisema, na mpwa wangu akapita katikati yao na bahasha yake bila kutazamwa tena na mtu yeyote.

Deni limelipwa Machi, baada ya mavuno ya tangawizi na kwa mchango wa kaka yangu. Dada yangu anatakiwa kurudi kliniki baada ya miezi sita, na safari hii amesema atasindikizwa na mtoto wake wa kiume.