Bei ya shea huamuliwa kabla mzigo haujafika Oraba

Mfanyabiashara anayekusanya kokwa za shea Dranya, wilayani Koboko, ana mipaka miwili karibu: Sudan Kusini na Kongo. Mshea wenyewe haujui mpaka. Aina ya nilotika huota katika nchi zote tatu. Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, nchi hizo zote zimo ndani ya Jumuiya moja. Swali ni nani atapata bei nzuri, na jibu linaanzia ndani ya kokwa.

Shea ya Afrika Magharibi ni ngumu, yetu ni laini. Kemia ya kompyuta husaidia kueleza sababu. Mtaalamu huingiza mpangilio wa atomu kwenye programu, kisha hukokotoa jinsi molekuli zitakavyojipanga. Asidi ya steariki, ambayo shea ya Magharibi inayo zaidi, ni mnyororo wa kaboni 18 ulionyooka, nayo hupangana kama kuni zilizonyooka. Asidi ya oleiki, ambayo yetu inayo zaidi, ina kaboni 18 pia, lakini imepinda katikati. Kuni zilizopinda hazifungiki zikakaza.

Kibiashara, maana yake ni kwamba viwanda vya chokoleti, ambavyo Ulaya vinaruhusiwa kutumia mafuta kama ya shea hadi asilimia 5, hutafuta shea ngumu. Nguvu yetu iko kwenye vipodozi na chakula. Kushindana na Ghana au Burkina Faso kwa wingi wa kokwa ni kucheza kwenye uwanja wao.

Lakini ulaini hauuziki mafuta yakichacha. Ndani ya kokwa mna kimeng'enya kiitwacho lipasi, kichocheo cha asili kinachotumia maji kuikata molekuli ya mafuta na kuacha asidi huru. Mwaka 2013, Martin Karplus, Michael Levitt na Arieh Warshel walipata Tuzo ya Nobel kwa mbinu za kompyuta zinazowezesha kufuatilia kazi ya vichocheo kama hivyo, atomu kwa atomu. Umbo la kimeng'enya ndilo linaloikamata molekuli. Joto likiliharibu umbo hilo, kazi inasimama.

Ndiyo maana kokwa zilizochemshwa mapema na kukaushwa vizuri hutoa mafuta bora, na zilizorundikwa mbichi kwa siku kadhaa hushuka daraja. Anayenunua mchanganyiko wa zote mbili kwa bei moja anamwadhibu mama aliyechemsha na kumzawadia aliyerundika.

Kompyuta haichukui nafasi ya kipimo. Asidi huru hupimwa kwa alkali, pombe na matone ya kiashirio, kazi ambayo chama cha wafanyabiashara kinaweza kuigharimia kwa pamoja. Cheti kimoja kinachokubalika Arua, Kaya na Aru kingefaa kuliko ahadi nyingi za soko huru.

Muda nao unabana. Mwaka 2023 Rais Museveni alipiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini mwa Uganda, West Nile ikiwamo, lakini amri peke yake haizuii shoka. Mshea huchukua takriban miaka 15 hadi 20 kuanza kuzaa vizuri. Gunia la mkaa huisha jikoni kwa wiki chache. Mti utabaki umesimama pale tu mwenye shamba atakapoona kokwa safi inamlipa kuliko mkaa, na bei hiyo iko mikononi mwa mnunuzi.