Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Watafiti wa uhuru nao wafadhiliwe

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Dodoma.

YAH: UFADHILI WA UZAMILI NA UZAMIVU KATIKA TAALUMA ZA UHURU NA HAKI

Mheshimiwa, mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alitaka kujua wananchi wanaofika mahakama ya mwanzo wanalielewaje neno "uhuru". Andiko lake lilipita. Kilichomshinda ni nauli ya uwandani na gharama ya kutoa nakala za majalada. Jioni alikuwa akiwachapia wenzake kazi zao steshenari apate chochote. Mwishowe aliacha masomo. Utafiti wake umebaki kwenye flashi, iko mezani kwangu.

Swali lake ni zito. Neno hilo moja limebeba mambo mawili: nchi kujitawala, na mtu kusema, kuabudu na kukusanyika bila hofu. La kwanza tulilipata tarehe 9 Desemba 1961. La pili liliingia kwenye Katiba mwaka 1984, Hati ya Haki za Binadamu ilipoongezwa. Kwa nini ilichukua miaka 23? Nani alilipigania, nani alilipinga, na kwa hoja gani? Majibu yamo kwenye nyaraka na vinywani mwa wazee ambao hawatatungoja.

Tena mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya kutolea haki mahakamani. Hakimu sasa anahitaji istilahi na hoja zilizopikwa zikaiva kwa Kiswahili. Hizo haziokotwi, hutafutwa na watu waliopewa muda na posho.

Serikali inaweza. Tangu 2022, Samia Scholarship imewabeba vijana waliofaulu vizuri masomo ya sayansi, nasi tunashukuru. Daraja linahitaji mhandisi. Lakini aliyevunjiwa nyumba kupisha daraja anahitaji mtu aliyeisomea haki yake.

Naomba nafasi 20 kila mwaka, zenye ada, posho ya kujikimu na fedha za uwandani, na anayetaka kuandika tasnifu kwa Kiswahili aruhusiwe. Zaidi ya yote, uteuzi ufanywe na jopo la wanataaluma, na wizara isiwe na kauli juu ya mada wala matokeo. Mtafiti wa uhuru akianza kumwogopa mfadhili wake, fedha hiyo imepotea. Wanataaluma wetu walikwisha kulisema hili katika Azimio la Dar es Salaam la 1990 kuhusu uhuru wa taaluma.

Shaaban Robert alituonya mapema. Katika Kusadikika, kitabu cha 1951, Karama anashtakiwa kwa kutaka kuleta elimu ya sheria nchini. Sisi hatumshtaki Karama wetu. Tunamwacha akwame kwa kukosa nauli. Nchi inakosa elimu ileile.

Mheshimiwa, tangazo la nafasi hizo likitoka, nitampigia simu yule mwanafunzi siku hiyohiyo. Flashi yake nimeitunza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa chuo kikuu, Dar es Salaam