Meza Inayoyumba Haitaki Miguu Minene
Anayejitengenezea meza ya kusomea kwa mara ya kwanza, akiona inayumba, hukimbilia kuongeza misumari au kununua mbao nene. Pesa bure. Fremu ya pembenne huinama upande kirahisi hata ikiwa ya mninga, ilhali pembetatu haibadiliki umbo mpaka ubao uvunjike au kiungo kiachie. Ndiyo maana ubao mmoja wa mshazari, unaoigawa pembenne kuwa pembetatu na kukazwa nyuma kwa skrubu na gundi, hushinda rundo la misumari, ambayo hulegea kadiri meza inavyotikiswa. Watasema mshazari unazuia magoti na kuharibu sura. Mbele, naam, lakini nyuma kunatazama ukuta, na asiyeupenda akaze kipande cha plaiwudi kati ya miguu miwili ya nyuma: nacho huzuia fremu isiiname, tena bila kuonekana.